Wembe Nilioungojea Guangzhou

Muuguzi anampangusa mwanangu mkono kwa pamba yenye spiriti, na harufu ile inanirudisha Guangzhou, kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa, karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu. Mama alilala kifudifudi, kanga imeshushwa mpaka kiunoni, mgongo umemkaza kwa kubeba mizigo ya biashara. Mimi nilimshika mkono. Mganga wa Kichina aliwasha pamba, akauzungusha moto ndani ya kikombe cha kioo, akakibandika mgongoni. Nyama ya mama ikavutwa humo, ikavimba, ikawa zambarau.

Nilijua kinachofuata. Kwetu Unguja, bibi aliwaumika watu kwa pembe, kisha akawachanja kwa wembe, na pembe ikajaa damu.

“Mama, atakuchanja?”

“Hawa hawachanji, mwanangu. Tulia.”

Mganga akavuta droo. Vidole vya mama vikanibana mpaka nikataka kulia.

Ilitoka taulo tu.

Sasa muuguzi anafungua sindano, nami nimemshika mwanangu mkono wa pili.

“Mama, itauma?”

“Haiumi, baba. Tulia.”

Mwanangu haitazami sindano. Anatazama vidole vyangu.