Koti Jeusi la Madamu Konsolata

Robota la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ya dawa ya nondo na ya nguo zilizokaa gizani muda mrefu. Hata leo nikiisikia, hunijia soko la Rumonge, kibanda cha mama yangu pembeni mwa wauza mawese, na Jumamosi moja ya miaka ya vita ambayo wakati ule niliihesabu kuwa siku kama nyingine.

Nguo hizo sisi tuliziita chaguwa. Zilivuka ziwa kutoka Kigoma, na Mama, mzaliwa wa Uvira aliyeolewa Rumonge, alijulikana mjini kwa jambo moja: kuwavisha wanawake wa kazi. Makarani wa ofisi ya komini, wauguzi, walimu, wote walipita kwake. Futi ya kupimia aliivaa shingoni lakini hakuitumia sana. Alimtazama mtu akija, akaingiza mkono kwenye rundo, akachomoa sketi, na sketi ikakaa. Mwanamke akianza kulisema vibaya tumbo lake, Mama alimkatiza: "Mwili hauna kosa. Kosa iko mu nguo." Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kushika kioo. Nilikishika kwa bidii, maana nilipenda kuona watu wazima wakivuta matumbo ndani.

Siku hiyo walikuja walimu watatu. Shule yao ya milimani ilikuwa imechomwa, wakashuka kwa miguu mpaka barabara ya ziwa, na sasa walipangiwa shule yetu ya mjini kuanzia Jumatatu. Mkuu wa shule alikwishasema kwamba hakuna atakayeingia darasani na kitenge cha safari na kandambili; asiyekuwa tayari, nafasi yake atapewa mwingine, kwa kuwa walimu waliokimbia walikuwa wengi kuliko madarasa. Waliyaeleza haya kwa sauti ya watu wanaosoma orodha. Hakuna aliyelia, wala sikuona ajabu. Miaka ile watu walizungumza hivyo.

Mama alianza na Madamu Beatrisi, mrefu, mwembamba kama mwanzi. Alimpa sketi ya marinda, mkanda mpana, na blauzi yenye mifuko kifuani, mwili ukaonekana una kitu. Madamu Yustina alikuwa mfupi, mwenye nyonga pana. Mama alimnyima koti refu alilolishika kwa mikono miwili. "Hili litakukata katikati, dada. Chukua hili linaloishia kiunoni, na sketi ya rangi ileile, utarefuka." Yustina alijitazama kwenye kioo changu, akageuka upande, akauliza, "Na nikikimbia?"

Hakuwa anatania. Mama alifumua mshono wa nyuma wa sketi kiasi cha shibiri moja, akapachika kitambaa kilichokunjwa ndani, kisichoonekana mtu akisimama. Yustina akaenda mbio mpaka kwa wauza ndagala na kurudi. Wale akina mama wa samaki hawakuinua hata macho.

Wa tatu, Madamu Konsolata, alikuwa amesimama nyuma muda wote, mikono imekunjwa kifuani. Alikuwa na kifua kikubwa na mabega madogo, mwili ambao Mama aliupenda kwa sababu ulimpa kazi. Alimchagulia blauzi nyeupe ya kitambaa chepesi. Konsolata akatikisa kichwa.

"Nyeusi, Mama Riziki. Na koti juu."

"Mu joto hili la ziwa?"

Konsolata alishusha mikono. Mama alimtazama kidogo, kisha akaniambia niweke kioo chini, niende kumletea maji. Niliporudi, Konsolata alikuwa amevaa koti jeusi lenye bitana, na Mama alikuwa anakata taulo letu la kuogea vipande vya duara, anavishonea ndani ya blauzi, kushoto na kulia. Niliudhika kwa sababu ya taulo. Nikauliza tutajifutia nini. "Jua lipo," akasema Mama, bila kuinua kichwa.

Jumatatu Konsolata akawa mwalimu wetu. Alifundisha vizuri, kwa sauti moja, na kila siku alivaa koti lile, vifungo vimefungwa hadi juu, jasho likimtiririka shingoni. Mimi ndiye niliyempa jina la Madamu Baridi. Jina lilienea shule nzima kabla ya mapumziko, nami nikatembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Asubuhi moja mwanamke alipita chini ya dirisha letu na mtoto mgongoni, mtoto analia. Konsolata alikuwa katikati ya sentensi. Aliacha, akageukia ubao, akakunja mikono kifuani, akatuambia tuhesabu kwa Kifaransa hadi mia mbili. Tulihesabu. Tulipofika mwisho alikuwa bado ametupa mgongo, basi tukaanza upya. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Madamu Baridi ameganda," tukacheka.

Baada ya majuma kadhaa alikuja bila koti. Tukakosa cha kucheka, tukamsahau.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza na kurudi kazini Bujumbura, siku niliposikia mtoto mchanga akilia kwenye korido ya ofisi na maziwa yakanitoka yenyewe, yakalowanisha blauzi mbele ya wenzangu. Nilisimama pale na faili mkononi, na kitu nilichokifikiria hakikuwa aibu yangu. Nilifikiria mia mbili zile za darasani.

Mwisho wa juma nilishuka Rumonge nikamwuliza Mama. Alikuwa anachambua mchele.

"Mtoto wake alikuwa wa miezi mitatu," akasema. "Walikimbia usiku, mvua iliwanyeshea. Walimzika kando ya njia, Konsolata akaendelea na wenzake. Siku tano baadaye akawa kwangu."

Nikamwambia jina nililompa yule mwalimu. Alikuwa analijua. Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia, ili niache kumcheka.

"Ningekuambia," akasema Mama, "ungekuwa unamwangalia kifua kila siku. Yeye alikuja kwangu asiangaliwe."