Risasi za Baba za Kichwa Bapa

Juzi tulikuwa na sikukuu ya kuzaliwa ya binti yangu. Mishumaa ya keki ilipozimwa, ule moshi mwembamba wa nta ukanifikia puani, nikashtuka hadi kisu cha keki kikaniponyoka. Mume wangu akauliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, ni harufu tu, naye akanitazama kama mtu aliyeoa kichaa. Lakini jamani, harufu ya nta iliyoungua kwangu mimi si keki. Kwangu ni gareji yetu ya Fridley: Baba amevaa miwani ya plastiki, amedondosha kipande cha mshumaa kwenye chungu cha madini ya risasi yaliyoyeyuka ili uchafu uelee juu, na mimi nimesimama nje ya mlango, miguu kwenye theluji, nikimwomba Mungu Mama yangu asife.

Ngojeni nieleze vizuri, maana nimeanzia mkiani.

Sisi ni watu wa Uvira. Kule, Baba alikuwa fundi wa kusubu sufuria. Alikusanya vyuma chakavu vya alumini, akaviyeyusha, akamimina kwenye kalibu ya mchanga, na jioni wanawake walibeba sufuria zikiwa bado na joto. Alijivuna nazo! Tulipofika Minnesota kama wakimbizi, walimpa kazi ya kufunga maboksi kiwandani, na boksi halihitaji fundi. Alirudi nyumbani kimya, akala kimya, akawasha televisheni ambayo hakuielewa.

Mama ndiye aliyechangamka. Alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja kule Eagan, akavaa sare, akatembea kama jenerali. Mimi na umri wangu wa miaka kumi nilimwona kama mtu wa sinema. Halafu siku moja mlinzi mwenzake akavamiwa akiwa peke yake, akapigwa risasi ya bega. Alipona, ila hakurudi tena. Bosi akamwambia Mama kwamba kuanzia sasa anayesimama mlango ule atakuwa na bastola, na kabla ya kukabidhiwa mlango lazima apite mtihani wa shabaha. Nilisikia yote, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika simu kumtafsiria. Bega la yule mlinzi halikunitoka kichwani.

Mama akanunua bastola. Akaanza mazoezi kila Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, na hapo ndipo shida ilipoanzia: risasi madukani zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Baba aliposikia hivyo, yule mtu niliyedhani amekwisha kufa moyo akafufuka mbele ya macho yangu.

"Mama Neema, tulia," alisema. "Kusubu ni kusubu. Mimi nashindwa na kitu kidogo kama hiki?"

Akapata ndoo ya chubwi kuukuu, zile za madini ya risasi za kuzamishia ndoana, kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake mbele ya nyumba. Akajifunza kwa kutazama video bila sauti, akaingia gareji. Mama alinikataza kukanyaga mle wakati chungu kinachemka, akisema ule moshi ni sumu, kwa hiyo nilichungulia nikiwa nje. Dukani Baba alikuta kalibu za namna mbili: ya risasi zenye kichwa cha mviringo, na ya zile zenye kichwa bapa kana kwamba mtu amezikata ncha. Alichagua bapa bila hata kufikiri. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia wateja kwamba sufuria yenye kitako bapa haiyumbi jikoni. Mtu wa sufuria atachagua nini tena? Akazisubu, akazisugua zikang'aa, akazipachika kwenye maganda yenye baruti, akizilinganisha urefu na risasi moja ya dukani aliyoisimamisha mezani kama mfano. Zilipendeza, sikatai. Alizipanga kwenye meza ya kulia, Mama akamwambia aondoe mizigo yake, watu wanataka kula ugali.

Jumamosi tukaenda wote. Mimi na Baba tulikaa nyuma ya kioo, tumevaa vile vifuniko vikubwa vya masikio. Mama akalenga, akapiga moja, nzuri. Ya pili ikakwama. Sehemu ya juu ya bastola ilibaki nusu wazi, nusu imefungwa, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Mama akaigonga kwa kiganja. Haikwenda. Akaitoa ile risasi, akaendelea, moja ikapita, nyingine ikakwama. Mwalimu wa shabaha, mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, akatikisa kichwa. Kwenye mtihani bastola ikikwama hivyo, alisema, mtu anarudi nyumbani. Mimi sikumsikiliza habari ya mtihani. Niliona ghala la Eagan, niliona mtu anaingia, niliona Mama anagonga ile bastola kwa kiganja, anagonga, na yule mtu hangoji.

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa wa hofu. Shuleni niliulizwa maswali nikajibu vitu vya ajabu. Chakula hakikushuka. Mama akitoka na funguo za gari nilimfuata hadi mlangoni, nikimwambia kwa Kiingereza awe mwangalifu, naye akinijibu kwa Kiswahili nikafue soksi zangu. Kwenye maombi ya jioni niliomba bastola ya Mama isikwame, Baba akaitikia "Amina" ya kutikisa madirisha.

Maskini Baba, alihangaika. Kwanza alilaumu mafuta, akaisafisha bastola hadi ikanukia. Ikakwama. Akalaumu springi ya magazini, kile kikasha cha risasi, akanunua nyingine. Ikakwama. Akazisugua risasi zaidi, akidhani ni mikwaruzo. Zikang'aa kama hereni, zikakwama. Mwishowe alizilaumu zile chubwi kwamba ni za baridi, hazijazoea kazi ya moto. Hapo hata yeye alijisikia amesema upuuzi.

Mtihani ulikuwa Jumamosi inayofuata. Alhamisi, Mama alirudi kutoka kazini, akanywa chai yake amesimama, akaingia gareji. Chungu kilikuwa kimepoa, kwa hiyo nami nikaruhusiwa. Aliifungua bastola, akatoa mtutu peke yake, akausimamisha mezani, tundu la kuingizia risasi likiwa juu. Akachukua risasi moja ya Baba, akaidondosha ndani. Ikaingia, ikasimama. Kitako chake kilibaki kimechungulia nje. Akadondosha ile ya dukani: ikazama tup! ikatulia, akaizungusha kwa kidole ikazunguka.

"Baba Neema," alisema. "Kule Uvira ulikuwa unatengeneza mufuniko namna gani?"

"Namna gani tena? Naweka juu ya sufuria, nazungusha."

"Sufuria ya nani?"

"Sufuria yake! Sasa nitapimia ya jirani?"

Mama alimtazama tu, halafu akautazama mtutu, halafu akamtazama tena. Baba akainama kuutazama mtutu. Miaka yote ya ufundi, hakuwahi kuuza mfuniko ambao hakuuzungusha kwenye sufuria yake mwenyewe, na hapa alikuwa amepima zake kwa risasi ya dukani yenye kichwa cha mviringo. Ya mviringo huchongoka taratibu, ndiyo maana ikiwa ndefu inapita. Ya bapa ina mabega, na mabega yale yaligusa ndani ya mtutu kabla risasi haijafika mwisho.

"Ee Yesu," Baba alisema. Akajipiga kipaji cha uso.

Akaanza upya. Aliisukuma risasi ndani ya ganda kidogo, akabana mdomo wa ganda, akaidondosha kwenye mtutu. Bado. Akasukuma tena kiasi cha unene wa kucha. Tup! Akaizungusha, ikazunguka. Mimi nilipiga yowe. Kesho yake Mama alikwenda kujaribu, nasi tukiwa nyuma ya kioo. Zikapita. Magazini nzima, na nyingine, na nyingine, bila hata moja kusita. Baba alinibeba juu juu, tukapiga makofi kama watu walioshinda kombe. Mama aliiweka bastola chini, akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakamtikisika. Nikamwambia Baba, tazama, Mama analia kwa furaha, na Baba akasema ndiyo.

Mama alipita mtihani. Alisimama mlango ule mwaka mzima na hakuna aliyekuja. Kisha akaacha kazi ile ghafla, akaenda kufua mashuka hospitalini Maplewood, na hakutueleza kwa nini. Nilimwona mjinga kidogo, nisiwafiche.

Nilipopata mimba yangu ya kwanza ndipo aliponiambia, tukikunja nguo za mtoto. Walipokuwa wakikimbia vita, mimi nikiwa tumboni mwake, kijana mmoja aliwasimamisha njiani. Aliwatenga wanaume kando. Akamwelekezea Mama bunduki, akafyatua. Ikakwama. Akaigonga kwa kiganja, akafyatua tena, ikakataa. Kijana alianza kutukana bunduki yake, ameinama anaihangaikia, na Mama akaanza kutembea. Hakukimbia. Alitembea tu, hadi kona, na Baba akamfuata.

"Siku ile risasi zilipopita zote," aliniambia, "nilimuona muntu mwenye atakuja simama mbele ya bastola yangu. Nikasema, huyu maskini hatapata nafasi ya kutembea kama mimi."

Aliendelea kukunja. Mimi nilishindwa, nikakaa kitandani na kisweta kile kidogo mikononi, nikikumbuka jinsi nilivyopiga makofi.