Lori la Watu wa Mkokoteni

Mume wangu alikuwa na sugu kifuani, pale mti wa mbele wa mkokoteni ulipokuwa ukimlalia. Jioni nilimpaka mafuta ya nazi, naye akaniambia, "Mama watoto, subiri. Lori likija, hili litaondoka lenyewe."

Nikasubiri. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na wavuta mikokoteni wa upande wetu wa Msimbazi walikuwa wameunda ushirika. Walitaka lori moja la bodi wazi, lisilo na kuta, la kubebea magunia, mbao na saruji. Mume wangu alikuwa amejifunza udereva, kwa hiyo yeye ndiye angeliendesha na kuachana na mkokoteni.

Kibali cha serikali cha kununua lori kilipotoka, waliitwa kwenye yadi kuchagua. Yalikuwepo malori mawili, yote vichwa na chasisi tu, bado hayajafungwa bodi. Moja lilikuwa refu, jingine fupi. Refu lingebeba mzigo mkubwa, lakini nani angelikatisha kona za Kariakoo katikati ya matenga ya nyanya? Fupi lingegeuka popote, ila bodi lake lingekuwa dogo. Walibishana uani kwangu mpaka wakamaliza chai, pamoja na sukari niliyoipangia foleni. Wanaume wakiwa na lori la kufikirika, hawaoni hata kikombe kilicho kitupu.

Mwenyekiti wao ndiye aliyepata jibu. "Ndugu zangu, tuchukue fupi, halafu bodi tulirefushe kwa nyuma. Kwani sisi mzigo hatuujui?"

Wote wakacheka kwa furaha, maana ndivyo mkokoteni ulivyo. Ukipakia mbele, mti unakulalia kifuani. Ukirudisha uzito nyuma ya magurudumu, mti unainuka, na mvutaji anapumua. Kila mmoja wao alijifunza hilo kwa mwili wake. Hata mimi, niliyekuwa nikilikanda sugu lile, niliona wamesema kweli. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini siku ile hakuna aliyewakumbuka wahenga.

Fundi wa Gerezani alilifunga bodi kwa mbao za mninga, refu, likapita tairi za nyuma kwa kipande kikubwa. Lilipendeza, siwezi kukataa. Watu wa Ilala walikuja kulitazama. Mume wangu alinipandisha mbele, tukazunguka mitaa miwili mitatu, mimi nimevaa khanga mpya kama bibi harusi.

"Shika usukani uone," akaniambia tuliposimama. "Mlaini! Hata wewe ungeweza."

Nikashika. Ulikuwa mlaini kweli, nasi tukaona ni sifa ya gari.

Kiangazi chote walibeba magodoro ya sufi, vikapu na mikeka, mizigo mikubwa kwa macho tu. Kifua cha mume wangu kilianza kulainika. Alilala chali, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu tuoane. Nikikumbuka majira yale roho inaniuma, kwa sababu tulikuwa na furaha na hatukujua ni ya mkopo.

Halafu ikaja saruji ya kujengea shule, kwenye kijiji cha Ujamaa njia ya Morogoro. Waliipanga nyuma kabisa ya bodi, kwa ustadi, kama walivyozoea maisha yao yote. Lori likavuka bonde la Jangwani vizuri. Lilipoanza kupanda mlima wa Magomeni, pua ikainuka. Mume wangu alikata usukani, na gari halikukata. Uzito wa nyuma ulikuwa umeziinua tairi za mbele kama mti wa mkokoteni, zikawa zinapapasa tu barabara. Likarudi nyuma kwa upande, likaangukia mtaroni.

Alitoka mzima, Mungu ashukuriwe. Chasisi ilipinda na ekseli ya mbele ikavunjika. Wakati huo spea hazikuwapo, na kibali cha pili hakuna aliyethubutu kukiomba. Lori likavutwa mpaka uwanja wa nyuma ya karakana, likaota majani. Wanaushirika hawakulaumiana. Afadhali wangelaumiana. Kila mmoja akarudi alikotoka, kwenye mkokoteni.

Mkokoteni wa mume wangu ulikuwa umeshauzwa. Akaenda kwenye lile lori na nyundo, akang'oa mbao za mninga, akaunda mwingine. Ulikuwa mkokoteni mzuri kuliko yote Kariakoo, nami sikuupenda hata siku moja.

Asubuhi ya kwanza nilimsindikiza mpaka sokoni. Wakampakia magunia ya mchele. Akawaelekeza yarudishwe nyuma kidogo, kidogo tena, mpaka mti ukainuka kutoka kifuani. Nikamuuliza kama ni mzito.

"Mwepesi," akasema bila kunitazama, akaanza kuvuta.