Kipande Kisicho na Jina

Kompyuta nilijifunza nikiwa tayari na mvi, baada ya kuacha ukarani, na labda ndiyo maana nilijivunia kuliko ilivyostahili. Kijana akijua kompyuta hakuna anayeshangaa. Mzee wa Nyamugari aliyeishia sekondari akiweka mifumo miwili, Windows na Linux, kwenye mashine moja, na yote miwili ikaamka, watu wa Gitega wanaambiana. Mimi nilipenda waambiane.

Kazi yenyewe naijua, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Mtu wa kwetu aliyewahi kugawa itongo, ardhi ya ukoo, kwa watoto wake, nitamweleza akanielewa kabla chai haijapoa. Diski ni kilima. Unapima, unakata vipande, unapanda miyenzi, ile miti ya ua, mpakani, na kila mfumo unajenga ndani ya kipande chake bila kumwaga maji kwa jirani. Windows huwekwa kwanza. Linux inafuata na kuleta menyu, ili kila ukiwasha mashine ikuulize leo unaingia nyumba ipi. Windows ikiwekwa mwisho, menyu hupotea, nawe unairudisha kwa amri chache zinazoandikwa taratibu, kwa sababu mfumo wa kuokolea mashine iliyokwama hudhani kibodi ni ya Kiingereza na zetu zimepangwa Kifaransa. Unabonyeza A, inatokea Q. Vidole vyangu vimeshazoea.

Siku moja mwalimu mmoja alikuja kibandani kwangu kutoka Muyinga, na kompyuta yake ameifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Jirani yangu, mama wa Kikongo anayeuza nguo mlango wa pili, alicheka hadi akashika ukuta.

"Baba, wamekuletea mugonjwa! Iko na homa?"

"Iko na usingizi, mama," mwalimu akamjibu kwa lahaja ileile, kisha akanigeukia na Kiswahili chake cha Tanzania, alikokulia katika kambi ya wakimbizi kabla ya kurudi na wazazi wake. Alifundisha Kiswahili katika shule moja ya Muyinga. Windows yake ilikuwa imekufa, na programu ya kujazia alama za wanafunzi haikubali mfumo mwingine. Linux aliwekewa na kaka yake aliyebaki ng'ambo.

"Mzee wangu, nataka mbili tu," alisema. "Windows ya alama, na Linux yangu ibaki kama ilivyo. Masomo yangu yote yamo humo, miaka sita."

"Una nakala?"

"Nilikuwa na flash. Ilianguka kwenye uji."

Diski ya kuhifadhia nakala ilikuwa kwenye mtoto wa meza, mbele ya goti langu. Kunakili kungekula mchana mzima. Nilimwambia aende kwa amani, arudi baada ya siku tatu.

Windows iliingia vizuri katika kipande chake cha zamani. Kama ningeishia hapo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini nilikuwa na desturi yangu ambayo hakuna aliyeniomba: kila mashine iliyotoka mikononi mwangu niliiwekea mfumo wa tatu, mdogo, wa kuokolea siku ya matatizo. Mwashi huacha alama yake kwenye jiwe la mwisho. Mimi niliacha ile. Nikatafuta mahali pa kuuweka. Katika orodha ya vipande inayotolewa na Windows nilikiona chake yenyewe, nikakiona kipande nilichojua ni cha Linux, na baada yake kipande kikubwa kisicho na herufi wala jina. Pembeni palikuwa na neno moja la Kifaransa: *inconnu*. Hakijulikani.

Nilijua fika kwamba Windows haisomi vipande vya Linux. Nimewafundisha watu hilo mimi mwenyewe. Lakini siku ile nilijiambia kwamba hilo ni pori, masalio ya fundi fulani wa zamani. Nikakifuta, nikakata kona yake, nikajenga mfumo wangu wa tatu. Nikarudisha menyu, nikaona majina matatu yamepangana vizuri, nikafurahi.

Kisha nikaingia Linux ya mwalimu. Ikagoma katikati, ikaandika kwamba inatafuta kipande cha mafaili na haikioni. Kaka yake alikuwa fundi makini kuliko mimi: mfumo aliuweka katika kipande kimoja, na mali ya mwenye mashine katika kingine. Nilichokiita pori kilikuwa shamba lenyewe.

Kosa hilo naweza kulibeba. Lililofuata ndilo linalonilemea. Niliirekebisha Linux iamke na folda tupu, na mwalimu aliporudi nikamwambia, "Diski ilikuwa imeanza kufa, mwalimu. Nimeokoa nilichoweza."

Alifungua folda moja, akaifunga. "Basi," akasema. "Heri mashine yenyewe imepona. Ahsante, baba."

Baada ya wiki mbili akanitumia maharage kwa gari la abiria. Jirani yangu, ambaye nilishamwambia ukweli kwa sababu lazima mtu amwambie mtu, aliutazama mfuko ule.

"We ulimuharibia, na yeye anakutumia chakula?"

"Ndiyo."

"Mi sitaonja. Na we, baba, ukipika hiyo maharage haitaiva. Utatia kuni mpaka Giheta nzima, kwenye kuni inatoka, ikwishe miti."

Niliyaweka pembeni bila kuyapika. Jumatano moja nikampigia mwalimu simu, ati kumshukuru. Aliniambia anazunguka kwa wanafunzi wake wa zamani kukusanya madaftari yao, ili ayaandike masomo upya kutoka mwandiko wa watoto. Mkuu wa shule amempa diski nyingine. "Hii inayokufa nitaifungua darasani Ijumaa," akasema. "Watoto waione ndani."

Mtu asiye fundi anapaswa kujua jambo moja. Kipande kikifutwa, kinachong'olewa ni miyenzi tu. Mazao bado yapo shambani, mpaka mtu alime juu yake. Nami nilikuwa nimelima kona moja tu; ila diski ikifunguliwa kwa bisibisi, shamba lote limekwenda. Mengi ya masomo yale yalikuwa bado yapo, na mimi peke yangu ndiye niliyejua, na nisingeweza kusema bila kukiri kwamba diski haikuugua hata siku moja.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Muyinga. Nilimkuta kwenye baraza ya shule, ana rundo la madaftari mapajani. Nilimwambia nikiwa nimesimama, lote, hadi neno lililoandikwa pembeni ya kipande.

"Hakijulikani," alirudia. "Na nani?"

"Na Windows."

"Na wewe hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Alifunga daftari alilokuwa analisoma. "Tuliporudi kutoka Tanzania, mzee, tulikuta mtu ameshapanda migomba kwenye kilima cha baba. Alisema alikuta hapana mwenyewe. Alikuwa mtu mzuri, hata maji ya kunywa alitupa." Akanitazama. "Lakini yeye hakutudanganya kwamba kilima kimekufa."

Nilikubali. Niliomba meza na umeme.

Kazi ya kutafuta ilichukua siku mbili, na siku hizo mbili sikukosea hata hatua moja. Nilinakili diski nzima kwanza, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza, kisha nikaichambua ile nakala. Masomo yakaanza kutoka, mengi bila majina, namba tupu. Yeye aliyafungua moja moja na kuniambia ni lipi, mimi nikaandika. Kuna wakati alicheka peke yake kwa mfano wa sentensi alioutunga zamani. Sikucheka naye; sikuwa nimepewa ruhusa.

Ambacho hakikurudi ni sauti. Alikuwa amewarekodi wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza wakisoma, na sauti hizo zilikuwa zimelala palepale nilipojenga mfumo wangu wa tatu. Madaftari hayana sauti. Alitafuta mpaka faili la mwisho, kisha akasema, "Hizo basi."

Nikauondoa mfumo wa tatu. Kipande chote nikakirudishia masomo, nikakipa jina kwa herufi kubwa: MASOMO YA MWALIMU. Tangu siku hiyo sigusi mashine ya mtu kabla hatujaketi pamoja naye, anionyeshe kila kipande na aseme ni cha nani, nami nikiandike.

Nikaizima, nikamwachia aiwashe mwenyewe. Menyu ikatokea. Alihesabu kwa kidole kwenye kioo.

"Mbili?"

"Mbili, mwalimu."

"Na mwanzo nilikuomba ngapi?"

"Mbili."

"Haya." Akaingia Linux yake. "Maharage yalikuwaje?"

"Sijayapika."

"Nenda ukapike," akasema, macho yake kwenye masomo. "Yataingia wadudu."