Moteri ya Papa Kwenye Barabara ya Tshangalele

Wiki iliyopita kamioneti moja ilipita mbele ya mlango wangu ikielekea Kamatanda, moteri ikigonga kama nyundo juu ya bati. Niliacha kuchambua majani ya sombe, nikasimama. Wewe ungesikia kelele tu. Mimi nilimsikia Papa, baba yangu.

Tulipokuwa wadogo, Papa alileta samaki wa ziwa Tshangalele kwenye soko la Likasi kwa kamioneti yake. Nyumba nzima ilinuka samaki wakavu na mafuta ya moteri. Siku ya vidanji, ya kubadilisha mafuta ya moteri, alilala chini ya gari, akafungua kizibo, mafuta ya zamani yakamwagika ndani ya beseni. Kisha alimimina mapya, mazito na safi, rangi ya asali, akituimbia. Tuligombana nani amshikie kitambaa.

Halafu barabara ikaharibika, biashara ikalegea, na vidanji ikaanza kuahirishwa. Mafuta yakipungua, Papa aliongeza yale ya chupa za kando ya barabara, yaliyokwisha kutumika kwenye gari jingine, meusi na mepesi kama maji.

"Papa ya batoto, hii mafuta itakula moteri," Mama alimwambia.

"Ingali muzuri. Tutabadirisha mwezi yenye kuya."

Mwezi ukaja, ukapita, na mwingine.

Ndipo nkambo, mama yake Papa, alipougua kifua huko kijijini kando ya ziwa. Tulikwenda kumchukua tumpeleke hospitali. Alilala mbele, kichwa juu ya mapaja ya Mama. Mimi nilikaa nyuma na vikapu. Kwenye mlima taa nyekundu ya mafuta iliwaka, moteri ikaanza kugonga. Papa aliiona. Lakini nkambo alikuwa akivuta pumzi kwa shida, naye hakusimama. Vyuma vikalia, kisha kimya. Moteri ilikuwa imeshikana, haizunguki tena.

Tulingoja kwenye jua.

"Mutoto yangu, tulifika?" nkambo aliuliza.

"Tuko karibu, mama," Papa alimjibu. "Tunapumuzika kidogo tu."

Alikata roho kabla lori la makaa halijatokea.

Garajini fundi alipofungua moteri, tope jeusi lilikuwa limeziba njia za mafuta, na vyuma vya ndani vilikuwa vimesagana hadi vikachimbika. Papa alishika kipande kimoja, akakigeuzageuza. Mama hakumlaumu, siku ile wala baadaye. Kamioneti iliuzwa kama vyuma vikuukuu. Papa hakuendesha tena gari lolote, na sikumsikia tena akiimba.

Uani kwetu, pale Papa alipokuwa akilala chini ya gari, sasa kuna vyumba vya wapangaji. Njia ya ziwa siijui tena. Ndugu zangu wametawanyika, na samaki tunanunua kwa watu tusiowafahamu.

Nilipokuwa mtu mzima nilijaribu kumfariji. Nilimwambia kwamba kifua cha nkambo kilikuwa kibaya sana, pengine asingefika hata kwa moteri mpya.



"Pengine," Papa alisema. "Lakini miye sitajua."