Vigingi Vyenye Gome

Mjukuu wangu, keti hapo na uweke hiyo simu chini. Nimekasirika, na leo sifichi. Juzi nilipita pale kanisani mlipopanda miche ya maparachichi, nikaona vigingi ulivyotengeneza kwa yale mabanzi, vipande vya pembeni vya magogo vinavyotupwa na kiwanda cha mbao. Vina gome! Gome zima, kutoka juu mpaka ndani ya udongo, halafu ukapaka oili chafu huko juu ndiyo watu waone umefanya kazi. Umeona aibu kidogo? Hata kidogo? Usinijibu. Mimi najua huo mchezo, maana niliucheza kabla baba yako hajaota meno.

Nakumbuka kama ni leo asubuhi. Nilikuwa nimeolewa hapa Kalama mwaka wa pili, mwembamba, mdomo mrefu, nikijiona fundi. Tulikuwa na mwethya, kile kikundi chetu cha wanawake cha kusaidiana: leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anapika. Tulikubaliana kupanda miembe, na mimi nikapewa kazi ya vigingi vya kila mtu, kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa mpasua mbao na mabanzi yalijaa uani kwetu. Mzee huyo alinifundisha vizuri. Bambua gome lote. Chonga ile sehemu nyeupe laini mpaka ufikie mti mgumu. Tia ncha pande zote ziwe sawa, kigingi kisiende upande ukikigonga. Kisha choma mguu wake kwa moto mpaka uwe mweusi.

"Gome ni chakula cha mchwa," aliniambia. "Ukiliweka kando ya mche, umewaitia karamu."

Nilisikia kwa masikio yote mawili. Vigingi vyangu nikavibambua, nikavichoma, nikavipanga nyuma ya nyumba. Na vya wenzangu? Aka! Panga mbili tatu, ncha imetokea, funga mzigo, peleka. Shamba si langu, nani atajua? Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi ndiye nilikuwa nimeushika mkuki, tena nikicheka.

Tulianza kwa Mama Kaluki, jirani yetu, mjane. Miche yake haikutoka sokoni. Marehemu mume wake aliibebesha mwenyewe akiwa mgonjwa, akiunganisha kwenye mashina machanga vitawi alivyokata kwenye mwembe wa mama yake, na mwembe wenyewe ukakauka mwaka huo huo alipofariki. Miche saba tu. Ndiyo kazi ya mikono yake iliyokuwa imebaki duniani.

Kiangazi kikaja. Mchwa wakala gome la vigingi vyangu, wakajenga njia zao za udongo kwenda juu, wakavukia pale kwenye kamba tuliyofungia mche, wakauguguna mche shina lote. Mmoja ukanyauka. Kisha wa pili. Mvua iliporudi hakukuwa na hata mmoja. Wengine walipoteza miche pia, lakini yao ilikuwa ya kununua, wakanunua tena. Mama Kaluki alidhani ni jua, akadhani ni mkono wake mbaya. Alisimama kanisani akalia, akimwomba mumewe msamaha. Mimi niliketi nyuma yake, nimenyamaza! Ngai! Nikikumbuka hapo natamani kujizaba kofi.

Zamu yangu ilikuwa mvua hiyo. Wanawake wakaja na majembe, na Mama Kaluki akaenda nyuma ya nyumba kuleta vigingi. Alikawia. Aliporudi alikuwa ameshika viwili, safi, vimebambuliwa, miguu imechomwa.

"Mama Mutua, kwa nini vyako viko hivi?"

"Viko vipi?" nikajifanya sielewi.

"Ungekuwa hujui, ningesema ni msichana mdogo, atajifunza. Lakini ulijua. Ulijua, na ukanipea takataka nishikilie miche ya mume wangu."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia nyuma ya nyumba yangu mwenyewe. Na unajua walifanya nini? Hawakunitukana. Walichimba mashimo yote, Mama Kaluki akiwa mbele, kwa sababu mwethya ni ahadi. Wakapanda kila mche. Kisha wakanawa mikono, wakapita kando ya sufuria yangu ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ikitoa mvuke, wakaenda zao. Hakuna aliyeonja hata punje moja. Tusi ningelisahau, mwanangu. Hilo sijalisahau.

Nilienda kwake kuomba msamaha mara tatu, na mara ya tatu akanipa kiti. Tulizeeka pamoja, na siku ya kumzika nililia kushinda watoto wake. Lakini embe la mume wake hakuna mtu aliye hai atakayelionja tena. Alinisamehe, ndiyo. Msamaha haukurudisha mti.

Sasa nisikilize, na hili si ombi. Kesho ung'oe vile vigingi vyote. Bambua, choma, kisha uvirudishe mbali kidogo na shina usije ukatoboa mizizi, na ufunge kwa kitambaa laini, ulegeze, maana mti hunenepa. Usiniambie eti ni mabanzi tu. Banzi halina kosa lolote, kosa ni la mtu anayejua kazi na kuwafanyia wengine nusu yake. Usipojua utafundishwa. Ukijua halafu ufiche, huo ni wizi, hata kama hukubeba kitu cha mtu.

Hasira yangu imekwisha. Lete kichwa nikuwekee mkono. Mungu akupe mvua kwa wakati wake na nguvu za mikono, na miti ya watu uliyoishikilia kwa vigingi ikianza kuzaa, wakuletee wewe tunda la kwanza.