Kimya Nilichorithi Kibugu

Mwalimu alinipigia simu nikiwa kazini, mjini Embu. Binti yangu, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amejikojolea darasani.

"Mgonjwa?" nikauliza.

"Hapana. Rafiki yake amekataa kumsemesha tangu asubuhi. Ni hivyo tu. Ameanza kutetemeka, halafu ikawa hivyo."

Wiki iliyofuata tulikuwa mbele ya mshauri hospitalini, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, amevaa sweta ya kijani. Alimuuliza mtoto nani hukasirika nyumbani.

"Mama."

"Hupiga kelele?"

"Hapana. Mama akikasirika huwa yuko, lakini hayuko."

Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililohisi halikuwa huruma. Nilimkasirikia mtoto kwa kunianika mbele ya mgeni. Nikakaza midomo, nikageukia dirisha. Nilipotazama nyuma, binti yangu alikuwa amekaza midomo vile vile, ametazama dirisha lile lile.

Mshauri alituona sote wawili. Akasema wako watafiti wanaolinganisha ubongo wa mzazi na wa mtoto, na kwamba wengine hufanana hata kwa namna wanavyopokea hofu na furaha.

"Kwa hiyo nimemwambukiza?"

"Nasema anakusoma, mama. Na anasoma vizuri sana. Ukitulia, atausoma utulivu huo pia."

Lakini mimi sikuwa na utulivu wa kusomwa. Nilikuwa na baba.

Jumamosi nilipanda na binti yangu Kibugu, kwa wazazi wangu, ambao yeye huwaita guka na cucu, kwenye shamba la majani chai lililonilea. Nilipokuwa darasa la sita, ng'ombe alikata kamba mikononi mwangu akala miche ya maharagwe. Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinyamaza wiki tatu. Tukiwa mezani, mimi nikiwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, alikuwa akimwambia mama, "Mwambie huyo asogeze chumvi." Na mama alinigeukia na kusema, "Sogeza chumvi." Wiki tatu! Mtoto anaweza kuanza kujipapasa aone kama bado yupo.

Na majirani walimsifu: mtu mpole, hajawahi kuinua sauti.

Jumamosi hiyo nilimkuta baba akinoa panga nje ya jikoni. Mama alikuwa anachambua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye ungo, na binti yangu akaketi karibu naye. Sikungoja chai.

"Baba, unakumbuka ile miche ya maharagwe?"

"Miche gani?"

Hakukumbuka. Nimebeba kitu miaka thelathini, na mwenyewe hakumbuki hata kama alinitwisha! Nikamwambia yote: chumvi, wiki tatu, darasa, mkojo. Sauti yangu ilipanda hadi kuku wakatawanyika. Yeye akaendelea kunoa.

"Nilikupeleka shule," akasema hatimaye. "Sikukupiga."

"Ulinifuta!"

Akageuka kwa mama. "Mwambie huyo apunguze sauti."

Na mama yangu, Mungu amsamehe maana mimi bado, akaniambia, "Punguza sauti. Usimuudhi baba yako."

Nilinyakua ule ungo nikaupiga chini. Njahi zikaruka mpaka kwenye majivu. Mama akainama kuziokota moja moja, na binti yangu akainama naye, haraka, kichwa chini, kama mtu aliyefanya kosa. Hapo ndipo hasira ilinigeukia mwenyewe, kwa sababu nilijua alichokuwa akingoja: kwamba tukifika nyumbani nitakuwa niko na siko.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Nimekasirika," nikamwambia. "Nimekasirikia guka yako, na cucu. Si wewe. Umenisikia? Nitaendelea kukuongelesha."

Aliniangalia kwa shaka, akaweka njahi mbili kiganjani mwangu.

Baba hakuniomba msamaha siku ile, wala hajaniomba. Simu zake hupitia kwa mama mpaka leo. Sijamsamehe, na nimechoka na watu wa kanisani wanaoniambia mzazi ni mzazi. Kwangu si shwari pia. Mara mbili tangu siku hiyo nimejikuta nimenyamaza tangu nitoke kazini hadi chakula cha jioni, na imenibidi kulazimisha mdomo ufunguke kama mlango wenye kutu. "Nimekasirika. Si wewe." Wakati mwingine ni binti yangu mwenyewe aliyeniudhi, na ninamwambia hivyo pia, na sababu.

Juzi asubuhi nilimvuta nywele vibaya nikimchana. Akaruka kutoka kwenye stuli.

"Unaniumiza! Wewe mama ni mbaya!" Akabamiza mlango hadi kalenda ikaanguka ukutani.

Hasira ilinipanda kichwani. Zaidi yangu siku ile Kibugu, hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumpigia mzazi kelele. Nilisimama pale na kitana mkononi. Kisha nikamfuata nikagonga mlango, na yeye, akiwa bado analia kwa hasira, akanijibu.